Mahali Ulipotupeleka Tukahesabiwe

Baba,

Nimekalia kiti chako, kile cha mguu uliofungwa waya, kwa sababu hakuna wa kunikataza tena. Ni Jumapili asubuhi, watu wengi wako kanisani, na ploti, jengo zima la wapangaji, imetulia hivi kwamba nasikia maji yakijaa kwenye mitungi huko chini. Mama hayupo. Tangu tukuzike amebaki kijijini Mwala. Anasema hawezi kuacha kaburi bichi likae peke yake. Tuliobaki hapa Nairobi, Huruma, ni mimi, na mpaka juzi juzi walikuwepo pia mdogo wangu Ndinda na mumewe chumba cha pili.

Sikuandikii kukusalimu. Nimekukasirikia, Baba, na sina wa kumwambia. Nikimwambia Mama ataumia. Nikimwambia mdogo wangu, maziwa yatamkauka. Basi nakuambia wewe mwenyewe, uliyezoea maneno yangu makali, ukiyasikiliza macho umefumba, miguu juu ya kigoda, na ukisema tu, "Endelea, Mwikali. Nasikia."

Nianze na mazishi yako, maana hukuyaona. Yalikuwa makubwa. Ungejivuna hadi tukuonee haya. Watu wa ploti walikuja karibu wote, Wakamba na wasio Wakamba, na Mama Njeri wa orofa ya tatu alikuja na sufuria zake mwenyewe kwa sababu hakuamini kuwa ushago kwetu, kule kijijini, kuna sufuria za kutosha. Jua lilipokuwa kali, waombolezaji walihamia kwenye baraza ya dispensari, ile iliyopakana na shamba letu. Ni jengo zuri. Nilikuwa sijalitazama vizuri tangu likamilike. Kuta za samawati, tangi la maji, na nyuma yake wodi ya akina mama kujifungulia, vitanda vikiwa bado na nailoni zake. Mbuzi wa jirani walikuwa wamelala mlangoni, wakatutazama kama sisi ndio tumewaingilia. Muuguzi ni mmoja, sista mpole sana, akanieleza kuwa wiki nyingine hapokei mzazi hata mmoja. Wasichana wote wa kuzaa wako Nairobi, alisema, kisha akacheka kwa aibu, kana kwamba kosa ni lake.

Kila aliyesimama kukuhutubia alisema neno moja. Mutuku ametuachia dispensari. Kimeu, mwenyekiti mpya wa chama chetu cha watu wa nyumbani, alilisema akilia. Hata mchungaji alilitia katika sala. Mimi nilipiga makofi na wenzangu. Nilifurahi, Baba. Nilikuwa mtoto wa mtu aliyefanya jambo.

Wakati ule sikuwa nimeketi chini nikafikiri ulilifanya vipi.

Unakumbuka ulivyokuwa ukirudi safarini na mifuko ya semina? Miaka yote ile ukiendesha magari ya ofisi ya mipango, ukiwapeleka wakubwa Naivasha, Nakuru, Machakos, wakafundishwe namna ya kupanga maendeleo kwa kuangalia idadi ya watu. Wao wakiingia ukumbini wewe ulibaki chini ya kivuli na madereva wenzako. Jioni ulituletea peremende za mezani, kalamu, na maneno. Mama akikuomba hela ya sabuni ulikuwa ukimjibu kwa sauti ya mtoa mada kwamba hiyo ni changamoto inayohitaji wadau wote. Tukicheka, unaongeza. Ndinda alipovunja sahani ulimwita mdau.

Lakini siku moja ulirudi bila mzaha. Ulikuwa umeitwa ukumbini ubebe mashine ya kuonyeshea picha ukutani, na ulipokuwa unahangaika na nyaya ulimsikia mwalimu wao akisema kwamba huduma hufuata watu. Palipohesabiwa wengi patapangiwa vingi, palipohesabiwa wachache patangoja. Ulimaliza ugali. Kisha ukasema, kwa Mama na wala si kwetu, kwamba sasa umejua kwa nini Mwala haijawahi kupata hata banda la chanjo. Watoto wake wote wanahesabiwa kwa watu.

Serikali iligharimika ili maofisa waelewe. Aliyeelewa ni dereva, akaelewa kwa upande wake.

Basi sensa ilipofika ulifanya kampeni ambayo mwanasiasa hawezi. Ulipita mlango baada ya mlango. Uliwaambia Wakamba wa ploti hii, na wa ile ya pili, na wa kule nyuma karibu na mto, kwamba mtu mzima hahesabiwi ugenini. Chama kikakodi mabasi. Waliosita uliwauliza kama wanataka mama zao waendelee kubebwa kwa mkokoteni wakiugua. Wakikuyu walikucheka mwanzoni, halafu simu zikaanza kuwafikia wao pia kutoka kwao Murang'a na Nyeri, maana kumbe kila kijiji kilikuwa na Mutuku wake. Wakafunga milango nao wakaenda. Nami nilienda. Nilikuwa chuoni, nikaona ni likizo. Usiniambie sasa kwamba nilikuwa na akili ya kukuzuia. Sikuwa nayo, na ningekuwa nayo hungenisikiliza.

Ni mlango mmoja uliokataa. Nilikuwa nyuma yako nimebeba mfuko wa mkate wa safari, ndiyo sababu nakumbuka. Ulimwambia Mama Njeri aende kwao akahesabiwe. Alikuwa anakuna nazi, hakuinua hata uso.

"Kwetu ni hapa, Baba Mwikali," alisema. "Nikitoka hapa naenda wapi?"

Ulikuwa umesahau. Wote tulikuwa tumesahau. Yule mama alizaliwa Mathare, na mamake aliletwa mjini akiwa mgongoni, na shamba la Murang'a wanalisikia tu, hawajui hata liko upande gani wa mlima. Hana ushago. Ulimwambia pole, ukamwachia ufunguo wetu amwagie maji maua ya Mama, tukaondoka.

Alituambia baadaye jinsi makarani wa sensa walivyokuja. Walibisha orofa ya kwanza wakakuta kufuli, ya pili kufuli, wakapanda kwake wakakuta yeye na Njeri wake, hajaolewa bado, wakahesabiwa wawili, wakawekewa alama mlangoni kwa chaki. Aliwapa chai kwa sababu walionekana wamechoka kugonga. Tulicheka sana tuliposikia, sote, naye akicheka. Ilikuwa hadithi ya kupigia soga kwenye ngazi kwa miezi.

Sasa nikueleze yaliyotokea tangu ulale.

Uliniacha nikiwa nimeajiriwa ofisi ya mipango, afisa mdogo. Ulipenda kuniambia kwamba mimi nimeingia kwa mlango wa mbele mahali ambapo wewe uliegesha gari. Baada ya mazishi nikapelekwa semina. Ileile, Baba. Namna ya kutia masuala ya idadi ya watu katika mipango ya mitaa. Na wapi? Machakos, katika ile hoteli yenye miti ya jakaranda uani. Nilipotoka kwa chai ya saa nne niliwaona madereva wamekaa kwenye ukuta mfupi, viatu wamevua, wanacheza drafti kwa vizibo. Mmoja alikuwa amevaa kofia ya sufu kwenye jua, kama wewe. Nilirudi ndani, nikaenda msalani, nikalia hadi kipindi kikaanza bila mimi.

Semina yenyewe ilikuwa nzuri. Lazima niseme hivyo, kwa sababu huko ndiko uchungu unakoanzia. Walitufundisha tusianze na saruji, tuanze na watu. Mtaa huu una watoto wangapi wa kwenda shule, wasichana wangapi watazaa karibuni, wazee wangapi wa kutafutiwa dawa. Zamani, unajua vizuri, tulikuwa tunagawa kwa kelele. Mtaa wenye kelele nyingi ndio uliopewa. Nilirudi Nairobi nimebadilika. Nilitundika ramani ya wadi yetu ukutani, nikaanza na kitu nilichokijua tangu utotoni, ile dispensari yetu ndogo ya hapa Huruma inayofungwa jioni, na Jumamosi mchana, na isiyo na hata kitanda kimoja cha kuzalisha. Nyuma yake kuna kiwanja cha umma. Kinatosha wodi ya wazazi na nafasi ya gari la wagonjwa kugeuka. Nilichora mwenyewe, nikampelekea mkubwa wangu mchoro, akaupenda.

Nilikuwa na sababu nyingine. Ndinda alikuwa na mimba ya pili. Unakumbuka ya kwanza, alivyovuja damu hadi wewe ukaanza kuniagiza nani aitwe. Na Njeri naye alikuwa mjamzito, yule aliyengoja mtoto miaka yote hiyo ya ndoa, akiombewa kila kanisa lenye hema. Wawili hao walikuwa wanapanda ngazi pamoja, mmoja akipumzika mwingine naye anapumzika, wakishindana tumbo la nani kubwa. Nilijua wodi haiwezi kujengwa wazae ndani yake. Mimba haisubiri bajeti. Lakini kuna fedha za haraka zinazoenda mahali palipopitishwa. Mahali hapo hupewa mkunga na gari hata kabla ya jengo. Hicho ndicho nilichokuwa nakitaka kwa ajili yao, mkunga anayelala karibu.

Kisha tukaweka takwimu.

Kila mtaa ukawekewa idadi yake kutoka kwenye sensa. Nilipoona ya kwetu nilidhani mashine imekosea. Nikaipima tena. Sehemu ile yote ya maghorofa, hapa ambapo watu wanapishana ngazini kwa mabega, ilionekana kama mtaa wa watu wenye nyua kubwa na mbwa. Nilimwita mwenzangu wa takwimu nikamwambia aangalie. Akaangalia, akasema ziko sawa, ndivyo zilivyoletwa. Nikakaa. Nikasikia sauti yako ngazini ikisema mtu mzima hahesabiwi ugenini.

Ni sisi, Baba. Ile dispensari ya samawati ya Mwala ni sisi. Ulituchukua hapa ukatumwaga kule, na hesabu ikafanya kazi yake kama ulivyoambiwa ukumbini kwamba itafanya. Vitanda vikafuata majina yetu. Sisi wenyewe tukarudi Jumatatu kazini.

Nilikwenda kwa mkubwa wangu nikamweleza kila kitu, mabasi, makufuli, chaki. Si mtu mbaya. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza taratibu kama ninataka aandike kwenye mpango wa serikali kwamba takwimu zimekataliwa kwa sababu ya hadithi ya ploti moja. Nilisema si ploti moja. Akasema anajua, yeye mwenyewe alihesabiwa kwao Siaya. Tungoje sensa ijayo, akasema, ndipo turekebishe. Akanionyesha mtaa mwingine, mashariki zaidi, uliokuja juu yetu kwenye orodha. Nao wanahitaji. Niliutembelea, nikakuta mama amekaa kwenye tairi akisubiri kliniki na miguu imevimba. Ningewaambia nini? Kwamba wao wasipewe kwa kuwa walikaa nyumbani wakahesabiwa?

Lililobaki lilikuwa kikao cha maoni ya wananchi. Nilidhani huko watu wakijitokeza wengi, wakasema tuko hapa, tunazaa hapa, macho yatashinda karatasi. Nilipita ploti zetu nikiwabembeleza waje. Kikao kiliwekwa siku ya kazi, asubuhi, kwa hivyo waliokuja ni wachache, na wachache wenyewe walikuja na mambo yao, mtaro ulioziba, taa ya mtaani, karo. Mama Njeri alikuja. Alikaa mstari wa mbele na kitambaa chake cha kanisa, na zamu yake ilipofika alisema ana binti mjamzito na usiku hapa hakuna pa kumpeleka. Nikaona mkubwa wangu ameweka kalamu chini, akimsikiliza. Nikasema moyoni, tumefika.

Hapo ndipo Kimeu aliposimama amsaidie.

Alisema vizuri. Alisema sisi ni wengi, kwamba akitupa jiwe hapa litampiga mtoto kabla ya kugusa chini. Watu wakashangilia. Ofisa mmoja wa juu, aliyekuwa ameshika zile takwimu zangu, akamuuliza kwa heshima kabisa.

"Mzee, wewe mwenyewe ulihesabiwa wapi?"

Unamjua Kimeu. Aliinua kidevu. "Kwetu, Mwala," akasema. "Mimi na nyumba yangu yote. Tulienda na mabasi."

Ukumbi ulicheka, Baba, na haukuwa mcheko mbaya. Ni ule wa watu waliojitambua. Nusu yao walikuwa wamefanya vivyo hivyo. Kimeu naye akacheka, bado hajajua amefanya nini, akaketi akiwa ameridhika. Yule ofisa alifungua ukurasa uliofuata. Nami nilikuwa mwandishi wa kumbukumbu. Kazi yangu ilikuwa kuandika yaliyosemwa, nikayaandika. Nilimtazama Mama Njeri. Alikuwa anacheka kidogo pia, kwa adabu, akingoja warudi kwenye lake. Hawakurudi.

Jambo linalonitafuna ni hili. Kama tungekuwa bado tunagawa kwa kelele, tungepata. Huruma ina kelele. Tulijifunza kufanya haki, na haki ikasomwa kutoka kwenye hesabu uliyoivuruga wewe na akina Mutuku wenzako wa kila kijiji. Nimeshindwa kupata mahali pa kushika. Nikivuta huku nawaonea wale wa mashariki. Nikivuta kule nawaonea wa kwangu. Ofisi yetu imefundishwa, imepewa kompyuta, imepewa vyeti vya kutundika, na siku ile nilihisi mimi ni mtu aliyepewa miwani mizuri aangalie ukuta.

Nilimpigia Mama simu nikamwambia tu kwamba wodi haitakuja. Hakuuliza kwa nini. Alisema Ndinda apande gari aje azalie nyumbani, kwani vitanda vinafanya nini pale? Ndinda akaenda na mumewe, na mkoba wake wa nguo za mtoto, akiagana na Njeri ngazini, wakipimana matumbo mara ya mwisho. Njeri alimtania kwamba anakimbilia hoteli. Kisha akauliza, kwa mzaha ambao haukuwa mzaha wote, kama huko Mwala wanapokea hata mtu asiyekuwa wa kule. Ndinda alimwambia twende. Njeri akasema atafikiria. Alikuwa na wateja wake wa kusuka, mume wake alikuwa na kibarua, na nani aende kuzalia kwa watu asiowajua? Mimi nilikuwa nimesimama pale. Nilimwambia hata mimi aende. Alinishika mkono akasema, "Kwetu ni hapa, Mwikali." Alilisema kama mamake, bila kujua.

Ndinda amejifungua salama. Mwanamume. Alivuja damu tena kama mara ya kwanza, lakini yule sista alikuwa hapo hapo, alikuwa na dawa, alikuwa na muda wote wa dunia, kwa sababu mzazi alikuwa mmoja. Wa kwanza alichukua jina la kina Musyoka, upande wa mumewe, kwa hivyo huyu ni zamu yako. Anaitwa Mutuku. Mama amesema ana masikio yako, pole kwake. Akanipigia simu akilia na kucheka, akasema, "Unaona, Mwikali? Baba yenu aliona mbali." Nikamwambia ndiyo, Mama. Ndugu yangu yuko hai. Kama si wewe na mabasi yako pengine ningekuwa nakuandikia habari za msiba wake.

Na Njeri.

Uchungu ulimshika jioni, wakati ambapo dispensari yetu ilikuwa imeshafungwa. Nilikuwa ndiyo natoka kazini. Tulimshusha ngazi mimi, mumewe na vijana wa orofa ya pili, tukimketisha kila kona apumue. Mtu alituitia pikapu ya kusambaza mkate, tukatoa kreti, tukamlaza. Barabara ilikuwa imejaa kama inavyojaa saa zile. Mumewe alishuka akawa anakimbia mbele akiomba magari yasogee, na watu walisogea, sitasema uongo, kila mtu alijaribu, lakini gari litasogea kwenda wapi? Mama Njeri alikuwa amemshika kichwa, anamwimbia wimbo wa kanisani. Mimi nilikuwa nimeshika viatu vyake. Sijui kwa nini nilivichukua. Tulipofika hospitalini wauguzi walikimbia nasi ndani. Njeri walimwokoa. Mtoto alikuwa ameshachoka, ndivyo daktari alivyosema, ameshachoka. Alikuwa msichana.

Hakuwa na cheti. Hakuwa na jina la kuandikwa popote. Nimefundishwa kutia kila mtu kwenye mpango, na huyo sina safu ya kumweka.

Juzi Mama Njeri alipanda hapa kwangu. Anapanda polepole siku hizi. Alikuwa na kitu ndani ya karatasi ya duka, akaniwekea mezani. Shali nyeupe ya mtoto, laini, ya gharama kwa mtu kama yeye, bado ina karatasi yake ya bei. Aliniambia amesikia Ndinda amepata kijana, ashukuriwe Mungu.

"Mpelekee," akasema. "Usimwambie ilikuwa ya nani."

Alinishukuru kwa kushika viatu. Alisema wewe ungekuwepo ungepata gari haraka, kwa kuwa ulijua madereva wote. Akanisimulia tena, mwenyewe, ile hadithi ya makarani waliochoka kugonga makufuli, ili anichekeshe, akidhani nalia kwa ajili yako tu. Na mimi niliyejua, niliyeona nambari kwa macho yangu, nilicheka naye. Hajui, Baba. Anadhani ni Mungu. Yeye pekee katika ploti hii yote ndiye aliyefungua mlango, na shimo tuliloliacha sisi limemmeza mjukuu wake.

Nimejaribu kukuchukia kwa ajili ya hilo na siwezi. Hukumdhulumu mtu kwa kutaka. Ulitaka mamako asibebwe kwa mkokoteni. Ningekuwa wewe ningekodi mabasi hayohayo. Ndiyo maana nimeshindwa nikuweke wapi, wala hasira hii niipeleke wapi, na kesho saa mbili natakiwa niwe kazini nimalizie mpango ule, nipange safu zake ziwe sawa.

Siku ya mazishi, kabla ya kukushusha, baba mdogo alisimama akasema lile lisemwalo kila mazishi, kwamba kama kuna mtu ambaye marehemu alimkosea, asinung'unike pembeni, aje kwa familia. Akangoja. Watu walitazama chini, wengine wakatikisa kichwa, na hakuna aliyekuja. Mama Njeri alikuwa pale, kanga amejifunga kiunoni, anasubiri ibada iishe akapakue chakula cha wageni wako. Angekuja kusema nini, na yeye mwenyewe hakuwa anajua?

Kwa hiyo nitamwendea mimi. Ndiyo ahadi yangu kwako, na sina nyingine, kwa sababu wodi siwezi kukuahidi, wala sensa, wala kwamba watu wetu watakaa majumbani mwao wahesabiwe. Huenda Mama akaniita Mwala sensa ikija tena nami nikashindwa kukataa. Lakini hili naliweza. Nitamweleza Mama Njeri tulikokwenda sote siku zile, na nani alitupeleka, na kwa nini, na kilichotokea. Kisha nimwombe msamaha kwa niaba yako, maana wewe huwezi tena. Anaweza kunifukuza. Anaweza kunyamaza asiniongeleshe hadi nihame. Naogopa zaidi atanifariji.

Ametoka kanisani. Namsikia anapanda, anapumzika kwenye kila kona. Nitamwachia avue viatu, anywe maji, ndipo nishuke.

Kwaheri, Baba yangu. Pumzika huko ulikohesabiwa. Nikifika mlangoni pake sitaanza na takwimu. Nitasema, mimi ni mtoto wa Mutuku, nimekuja kwa lile alilokukosea.

Mwikali wako